Laini Usiyoiona Mbele: Saa ya Uswisi, Dipoziti na Kijana Wetu wa Munyaka

Jumatatu moja asubuhi na mapema, kabla mama wa duka hajamaliza kufungua mlango wa mabati, kijana mmoja alikuwa ameshasimama nje kwa wakala wetu wa Munyaka. Nguo za mazoezi zilikuwa bado zimelowa jasho. Mama anamjua vizuri, maana kila akitoka kukimbia hupitia hapo kuchukua maziwa pakiti mbili na mkate, na mara moja moja huweka au kutoa pesa. Siku hiyo hakutaka maziwa.

"Mama, nisaidie nirudishe pesa."

"Ulikosea namba?"

"Sikukosea. Namba ni ile ile niliyopewa. Mtu ndiye siye."

Hivyo ndivyo kisa hiki kilivyotufikia sisi wa dawati la wateja. Mama alitupigia, akampa kijana simu, na kwa dakika kama ishirini tukasikiliza tu. Amekubali tukisimulie bila jina lake, kwa sharti moja: tusimfanye aonekane mjinga. Sharti hilo halikutupa shida yoyote. Simu za aina hii tumezipokea kutoka kwa walimu, madereva na wafanyabiashara wa mahindi, na mpaka leo hatujakutana na mjinga hata mmoja.

Alikuwa ametuma shilingi 185,000 kwa mtu aliyemwahidi saa. Si ile saa ya mazoezi, ya kupima kilomita na mapigo ya moyo. Hiyo anayo. Hii ni saa ya Uswisi, ya chuma, ya mishale, ambayo hata ukimaliza marathoni nayo mkononi haijui kama ulikuwa unakimbia au umekaa kwa kiti.

Kwa nini saa

Unaweza kuuliza kijana anayepanga chumba Munyaka ana haja gani na saa ya karibu shilingi milioni mbili. Sisi pia tuliuliza, kwa adabu.

Ni mkimbiaji, lakini jina lake hulijui. Kazi yake ni kuongoza kasi kwenye marathoni za Ulaya: anakimbia mbele hadi kilomita ya 25 au 30, halafu anatoka pembeni, wengine wanaendelea kupigania zawadi. Wenyewe huwaita sungura. Analipwa, tena si vibaya. Amechagua Munyaka, jirani na Kapsoya, kwa sababu kodi ya huko inamwachia kitu cha kutuma nyumbani. Kambini kwao kuna kaka mmoja aliyewahi kushinda mbio kubwa, na ni kwenye mkono wa huyo kaka alikoiona saa hiyo kwa mara ya kwanza.

"Maisha yangu yote nimepimwa na saa ya mtu mwingine," alituambia. "Nilitaka moja iwe yangu."

Ukikaa Eldoret utamwelewa. Huu ni mji unaojua bei ya sekunde. Kelvin Kiptum alipokimbia Chicago mwezi wa Oktoba 2023 kwa muda wa 2:00:35, alivunja rekodi ya Eliud Kipchoge kwa sekunde 34 tu, na watu wa hapa walizitaja hizo sekunde 34 kama mtu anavyotaja ekari. Kampuni ya Omega, ya huko huko Uswisi, ilianza kupima muda wa Olimpiki mwaka 1932 kule Los Angeles na imefanya kazi hiyo kwenye michezo mingi tangu hapo. Kwa hiyo majina ya saa za Uswisi si mageni kwa wakimbiaji wetu. Wameyaona yameandikwa kwenye mstari wa kumalizia, juu ya vichwa vyao, wakiwa wanatapika.

Halafu kuna jina la mtaa. Munyaka kwa Kikuyu ni bahati. Kijana mwenyewe ndiye aliyetukumbusha, akacheka kidogo: "Nakaa Bahati, na bahati yangu ndiyo hiyo."

Orodha ambayo si laini

Mwaka mmoja na nusu kabla ya Jumatatu ile, akiwa Ulaya kwa mbio, aliingia kwenye duka rasmi la saa. Pesa alikuwa ameweka akiba ya kutosha kuanzia. Kwenye vioo saa zilikuwa zimejaa, lakini kila aliyoionyesha kwa kidole dada wa duka alimwambia hiyo ni ya maonyesho, haiuzwi. Aliyoitaka ina orodha ya kusubiri. Akaandikwa jina, namba ya simu na barua pepe. Akaulizwa kama amewahi kununua kitu chochote hapo. Hajawahi. Hakuombwa hata senti moja. Tutakupigia, akaambiwa.

Akauliza swali ambalo Mkenya yeyote angeuliza: mimi ni namba ngapi?

Dada akatabasamu.

Miezi 18 ikapita. Akiandika barua pepe anajibiwa vizuri mno, ati asante kwa uvumilivu wako. Akirudi Ulaya anapitia duka, anapewa maji baridi kwa glasi nzuri, anaambiwa bado. "Maji nilikunywa mpaka nikachoka," anasema.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu shida yote inaanzia hapa. Mtu akisikia "orodha ya kusubiri" anaona laini kichwani. Laini tunaijua. Huduma Centre unapewa tiketi yenye namba, unakaa, unasikia namba yako ikiitwa. Wakati wa mavuno, lori likipanga foleni kupeleka mahindi ghala la bodi ya nafaka, dereva anaona mkia wa lori lililo mbele yake. Inaweza kuchukua siku mbili, lakini ule mkia ukisogea na yeye anasogea.

Ama chukua chama cha akina mama pale pale Munyaka, ambacho mama wa duka ni mweka hazina wake. Wako kumi na wawili. Mwanzo wa mwaka wanaandika namba kwenye vikaratasi, wanavikunja, wanavitia kwenye kikombe, kila mtu anachomoa. Ukichomoa tisa, Septemba ni yako. Mtoto wa mwenzako akifukuzwa karo mnaweza kubadilishana, tisa aende kwa nne, lakini mnabadilishana mbele ya wote na inaandikwa kwenye daftari. Chama pia ni orodha ya kusubiri. Wa mwisho anasubiri mwaka mzima na kila mwezi anatoa pesa. Lakini hujawahi kumsikia analia ati haelewi atapata lini.

Orodha ya saa za kifahari haifanyi kazi hivyo. Anayeamua nani apate ni mwenye duka. Kiwanda hakikujui, na tarehe uliyojiandikisha haina uzito mkubwa. Saa ikifika, duka linachagua: labda mteja wa miaka mingi, labda aliyenunua pete ya harusi hapo na mkufu wa mama mkwe, labda mtu wa mji huo wanayeamini hataiuza kesho yake. Aliyejiandikisha Machi anaweza kuitwa kabla ya wa Januari, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Kijana wetu, mgeni anayepita mji huo mara mbili kwa mwaka na hajawahi kununua hata mkanda, hakuwa mwisho wa laini. Laini yenyewe haikuwepo.

Kwa nini mtu mwenye duka akatae pesa? Tuchukue Rolex, kwa kuwa ndilo jina ambalo kila mtu analijua. Hans Wilsdorf aliianza biashara hiyo London mwaka 1905, ikahamia Geneva baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo inamilikiwa na wakfu wenye jina lake. Kampuni haitangazi inatengeneza saa ngapi. Wachambuzi wa soko hukadiria zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Milioni moja si kidogo! Lakini wengi wanataka aina chache zile zile. Mwaka 2021 kampuni ilitoa taarifa ikisema uhaba huo si mkakati wake, na kwamba haiwezi kuongeza saa haraka bila kushusha ubora. Kuna walioamini na kuna walioguna. Sisi tunaona kwamba hata ikiwa ni kweli tupu, kwa anayesubiri hakuna tofauti.

Kilichoharibu mambo zaidi ni bei. Daytona ya chuma, saa ambayo Rolex iliitoa mara ya kwanza mwaka 1963, ilikuwa na bei ya duka ya kama dola 15,000 kule Marekani mwaka 2023. Mwanzoni mwa 2022, aliyeipata dukani aliweza kuiuza nje zaidi ya mara mbili ya alichonunulia. Hapo ndipo duka linapoacha kuwa duka. Ukiwa na kitu ambacho unayemuuzia anaweza kutoka nacho mlangoni na kupata faida ya milioni moja, huuzi tena, unagawa. Na mtu anayegawa huangalia sura.

Tena orodha yenyewe inaweza kufutika. Patek Philippe walikuwa na saa yao ya chuma, Nautilus namba 5711, ambayo watu waliisubiri kwa miaka. Mwaka 2021 kampuni ikaamua kuacha kuitengeneza. Desemba mwaka huo huo moja ya za mwisho, yenye uso wa rangi ya samawati na jina la Tiffany, ilipigwa mnada New York kwa dola milioni 6.5, wakati bei yake ya duka ilikuwa kama dola 52,000. Waliokuwa bado kwenye orodha walibaki na kusubiri kwao.

Wazee wetu hawashangai sana. Kabla ya simu za mkononi, kuomba laini ya simu ya nyumbani kulikuwa ni kujaza fomu na kungoja kwa miaka, na kila mtaa ulikuwa na mtu mmoja ambaye simu yake iliwekwa haraka na hakuna aliyejua kwa nini. Leo laini ya simu unanunua kibandani ukingojea chapo igeuzwe. (Na tukiwa kwenye chapo: kule Uganda "rolex" ni chapati iliyokunjiwa mayai ndani. Haina orodha. Unakula ukiwa umesimama.)

Mtu wa kurukisha foleni

Sasa tuje kwa zile 185,000.

Usiku mmoja kijana aliona picha ya saa yake kwenye mtandao akaandika chini yake, kama mtu anayeongea peke yake, kwamba anaisubiri tangu mwaka jana. Haikupita saa moja, ujumbe ukaingia WhatsApp. Mwandishi alisema yuko Dubai, anafanya kazi na maduka ya saa, na kuna mteja wa orodha aliyejitoa. Nafasi hiyo inaweza kuhamishiwa kwake. Lakini ni leo.

Kijana aliomba ushahidi, na hapo tunampa alama. Akatumiwa picha: saa yenyewe juu ya meza, na kando yake karatasi iliyoandikwa jina lake kwa kalamu. Hiyo picha ndiyo iliyommaliza. Tafadhali itazame tena ukiwa umetulia. Picha ya namna hiyo inaonyesha kwamba kuna mtu ana saa na ana kalamu. Siku hizi haionyeshi hata hayo, maana kompyuta inaweza kutengeneza yote mawili.

Bei nayo ilipaswa kumshtua, lakini ilimvutia. Jamaa alimtajia bei ya duka. Hebu jiulize: mtu ameshika kitu ambacho anaweza kukiuza nje mara moja na nusu au mara mbili ya bei hiyo, na wanunuzi anao mjini kwake. Kwa nini amtafute kijana wa Munyaka asiyemjua, ampe kwa bei ya duka?

Ijumaa jioni alituma 90,000, ya kushika nafasi. Jumanne iliyofuata 60,000, ambayo iliitwa forodha. Jumamosi 35,000, ikaitwa bima ya ndege, "itarudishwa saa ikifika." Kila mara kulikuwa na mtu mwingine wa Nairobi aliyekuwa karibu kuichukua. Namba ilikuwa ya mtu binafsi, na jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN halikuwa la jamaa wa Dubai. Aliuliza. Akajibiwa ni la karani wake. Akaweka PIN.

Jumapili simu ya Dubai ikazimwa.

Tulimuuliza kwa nini hakusimama kwenye ile ya pili, ya forodha. Jibu lake tumelibeba mpaka leo. Alisema baada ya miezi 18 ya kuambiwa asante kwa uvumilivu, huyu alikuwa mtu wa kwanza aliyemtajia tarehe.

Tunaona mchezo huu kila wiki na saa haimo. Unachezwa kwa viza, kwa kazi za Ghuba, kwa ploti za kugawanywa, kwa magari yanayosemekana yako bandarini Mombasa. Popote ambapo watu wanangoja bila kuona mbele, kuna mtu anayekuja kuuza nafasi. Haba ya habari ndiyo mtaji wake. Huwezi kumuuzia mwanachama wa chama nafasi ya Aprili kwa siri, maana Aprili ina mwenyewe na wote wanamjua.

Na mara nyingine hata uhaba wenyewe ni hewa. Machi 26, 2022, Swatch na Omega walitoa kwa pamoja saa ya bei nafuu iliyofanana na ile Omega iliyokwenda mwezini. Bei ilikuwa kama dola 260. Watu walilala nje ya maduka kwenye miji mikubwa ya dunia, msongamano ukawa mbaya hadi baadhi ya maduka yakafungwa, na siku hiyo hiyo saa zikawa zinauzwa mtandaoni kwa mara kadhaa ya bei yake. Kampuni ilikuwa imesema wazi kwamba si toleo la idadi maalum, zitaendelea kutengenezwa. Zikaendelea. Aliyelipa pesa nyingi ili asingoje alilipia wiki chache. Saa za kifahari zenyewe zilianza kushuka bei kwenye soko la mitumba kuanzia katikati ya 2022 na zikashuka kwa zaidi ya mwaka. Waliokuwa wamewalipa madalali wakati bei iko juu kabisa bado wanahesabu.

Pesa ikishatoka

Tuwe wakweli kuhusu tulichoweza na tusichoweza.

Kurudisha muamala kumetengenezwa kwa mtu aliyekosea tarakimu. Ukituma kwa namba uliyokusudia, lakini mtu wa upande wa pili amekudanganya, hilo linakuwa ni lalamiko la ulaghai na njia yake ni ndefu. Hatuwezi kuingia kwenye akaunti ya mtu na kuchukua pesa kwa sababu umetuambia ni mkora. Kesho mkora naye atatuambia hivyo hivyo kukuhusu wewe. Tunachoweza ni kuzuia kile ambacho bado kipo, kwa muda, mambo yakichunguzwa.

Kwa kijana wetu, 90,000 ilikuwa imetolewa ndani ya saa moja baada ya kutumwa. 60,000 pia. Kwenye ile ya Jumamosi tulikuta 21,400. Tukaizuia. Mwenye namba alitafutwa, hakujibu, hakupinga, na uchunguzi ulipokamilika pesa hiyo ikarudi. Aliyopoteza ni 163,600. Mbio moja na nusu, kwa hesabu yake.

Kama angetupigia Ijumaa ile ile usiku, dakika kumi baada ya kutuma, tungekuwa tunaandika makala nyingine. Ndiyo maana tunakuomba: ukianza tu kuwa na wasiwasi, piga. Usingoje uhakika, na usingoje asubuhi. Watu wengi hukaa na aibu siku mbili au tatu kwanza, na mkora anaijua hiyo aibu. Ndiyo inayompa muda wa kufika kwa wakala na kutoa. Ukishatupigia, nenda kituo cha polisi uandikishe upewe namba ya OB, kwa sababu bila hiyo uchunguzi hauendi mbali. Usifute mazungumzo ya WhatsApp, hata kama yanakuuma kuyasoma. Kijana wetu alikuwa ameshafuta nusu.

Kabla ya kutuma, lile jina linalotokea kwenye simu ndilo kinga yako kubwa kuliko zote, na tunajua wengi hulipita kama tangazo. Lisome. Kama unayezungumza naye ni duka na jina ni la mtu, simama hapo. Ukiambiwa ni la karani, la shemeji, la "akaunti ya ofisi imejaa", usiendelee. Namba ya till ni afadhali, lakini nayo peke yake si cheti cha uaminifu. Inaonyesha kuna biashara iliyosajiliwa kupokea malipo, haionyeshi kama ina saa. Kampuni ya Kenya unaweza kuitafuta kwenye daftari la usajili kupitia eCitizen kabla hujatoa shilingi.

Kuhusu forodha tuseme kwa sauti. Ushuru wa bidhaa unaoingia nchini upo kweli, na VAT ya asilimia 16 iko juu yake, kwa hiyo mtu akikutajia forodha hadanganyi kwamba ipo. Anadanganya mahali pa kuilipa. Ushuru wa serikali haulipwi kwa namba ya simu ya mtu, hata awe nani. Unalipwa kwa KRA, kwa namba ya malipo iliyotolewa na KRA, na unabaki na risiti yake.

Na dipoziti? Wazee waliita arbuni, na arbuni si kitu kibaya; fundi wa viti atakuomba, na ukumbi wa harusi utakuomba. Ila fundi unamjua kwake, na mbao unaziona. Maduka rasmi ya hizi saa kwa kawaida hayachukui pesa ya kukuweka kwenye orodha, na hilo kijana wetu alikuwa ameliona kwa macho yake: hakuombwa hata senti. Anayekuomba arbuni ya kusubiri anakuuzia kitu ambacho duka lenyewe hutoa bure. Muulize swali moja: nikighairi, pesa yangu inarudi lini, na hilo limeandikwa wapi? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji na haki ya kulindwa kiuchumi. Muuzaji halali hukasirika kidogo ukimuuliza hivyo, kisha anajibu. Mkora hukuambia kuna mtu wa Nairobi anangoja.

Kama bado unaitaka saa, na hatuna ugomvi na hilo, njia ya mitumba ipo na haihitaji kusubiri. Rolex wenyewe walianza Desemba 2022 mpango wa kuthibitisha saa zilizotumika, wakati huo zenye umri wa miaka mitatu au zaidi, zinazouzwa na maduka yao rasmi kwa dhamana ya miaka miwili. Si rahisi, mara nyingi utalipa zaidi ya bei ya saa mpya ambayo hupati. Lakini saa iko hapo mezani, unaivaa, unalipa, unaondoka nayo. Kijana tulimwambia hivyo. Akasema atafikiria.

Alirudi Ulaya wiki sita baadaye kuongoza kasi. Alikimbia mpaka kilomita ya 30 kama mkataba ulivyosema, akaoga, akaenda dukani. Kulikuwa na dada mwingine. Alimwomba amtafutie jina lake kwenye kompyuta, na jina lilikuwepo, aina ya saa ilikuwepo, tarehe ilikuwepo. Kisha akamwomba ageuze ile skrini kidogo aone. Kwenye namba yake ya simu tarakimu moja ilikuwa imekosewa: palipokuwa na saba waliandika moja.

Kama waliwahi kupiga, dada hakuweza kumwambia. Akairekebisha pale pale, akamsomea namba mara mbili, tarakimu kwa tarakimu.

Mwezi wa Januari mama wa duka alimwingiza kwenye chama, wa kwanza mwanaume, baada ya wanachama kubishana Jumapili mbili. Alichomoa namba saba. Kila tarehe tano anatuma mchango wake kwa namba ya chama, na jina la chama linatokea kabla ya PIN. Mama anasema hulisoma kwa sauti.

Duka la Ulaya, hadi tunapoandika haya, halijapiga.